Chumvi ya Barabarani Inavyokula Gari, na Namna ya Kulikinga Majira ya Baridi

Februari mwaka jana, saa moja asubuhi, mama mmoja wa Kikongo alituletea gari gerejini hapa Buffalo, jimbo la New York. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. "Fundi, breki inaingia mpaka chini," akaniambia, mikono bado ikimtetemeka. Alikuwa ameliendesha pole pole maili mbili nzima, akilisimamisha kwa breki ya mkono. Nilipolipandisha kwenye lifti nikakuta paipu ya breki inayokwenda magurudumu ya nyuma imepasuka. Kutu ilikuwa imeila mpaka imebaki nyembamba kama ganda la yai. Kwa juu gari lilikuwa safi, rangi inang'aa. Kwa miaka minne lilikuwa likioshwa kila mara, lakini juu tu. Chini hapakuwahi kuguswa.

Tangu siku ile kila Mswahili anayeniuliza habari za gari na baridi namwanzia chini ya gari. Sisi tuliotoka nchi za joto tukifika huku tunaogopa theluji, kwa sababu ndiyo tunayoiona. Theluji ni maji, ukiipangusa imekwisha. Kinachoyamaliza magari ya huku ni chumvi wanayomwaga barabarani ili kuiyeyusha. Mimi nimekulia Likoni. Naujua upepo wa bahari unavyotoboa mabati, na nayajua magari yaliyokuwa yakipanda feri kila siku, yakianza kuoza chini ya milango wakati ya ndugu zetu wa Voi, mbali na bahari, yenye umri uleule, bado ni mazima. Huku ni chumvi ileile ya baharini, ila inarushwa na matairi moja kwa moja kwenye tumbo la gari, kuanzia Novemba mpaka Machi.

Kwanza ujue unapambana na nini

Chumvi inayomwagwa ni chumvi ya mawe, ndugu ya chumvi ya jikoni. Nyingine inachimbwa humu humu jimboni. Kusini ya Rochester, katika wilaya ya Livingston, upo mgodi mkubwa wa kazi hiyo hasa. Chumvi hii inafanya kazi vizuri mpaka baridi ifike kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, ambazo kwa kipimo cha Marekani ni Farenhaiti 15. Baridi ikizidi hapo inayeyusha polepole mno, na ndipo wanapoichanganya na chumvi nyingine mbili, magnesiamu kloraidi na kalsiamu kloraidi. Kabla dhoruba haijafika utaona pia mistari myeupe sambamba imechorwa kwenye lami: ni maji ya chumvi yaliyonyunyizwa mapema ili barafu isishike.

Chuma hakishiki kutu bila maji na hewa. Chumvi inapoingia kwenye maji hayo inayafanya yapitishe umeme vizuri zaidi, na kuoza kunakwenda mbio. Ubaya wa zile chumvi mbili za nyongeza ni kwamba zinavuta unyevu hewani. Chumvi ya kawaida huanza kulowa hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi. Magnesiamu kloraidi inalowa hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo siku ambayo wewe unaona jua limewaka na barabara imekauka, chini ya gari lako bado ni majimaji na kazi inaendelea.

Jambo lingine la kushika: kutu inapenda joto. Kwenye baridi kali karibu inalala, na halijoto likipanda kidogo juu ya sifuri inaamka. Hili litatusaidia tukifika kwenye kuosha na mahali pa kulaza gari.

Usidhani ni wasiwasi wa fundi mmoja. Aprili 2015, NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, ilimaliza uchunguzi wa paipu za breki zilizokuwa zikioza kwenye pikapu na magari makubwa ya familia ya kati ya mwaka 1999 na 2003. Haikuagiza magari yarudishwe kiwandani. Ilitoa tahadhari kwa wenye magari ya mwaka 2007 kurudi nyuma, hasa walio katika majimbo 20 ya chumvi pamoja na Washington, DC: osheni chini ya magari, na mpeleke paipu zikakaguliwe. Na kwa wale wanaoamini Toyota haifi, mwaka 2016 Toyota yenyewe ilikubali kulipia kesi ya fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza kwa kutu, mapatano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4.

Oktoba: lala chini ulitazame

Chagua siku kavu. Egesha mahali tambarare penye sakafu ngumu, weka kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini, inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya fremu. Narudia kwa sababu nimeona watu wakifanya kinyume chake: usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama unataka kuchungulia tu. Kama huna stendi, lipeleke kwa fundi aliye na lifti na umwambie akuite uone kwa macho yako.

Chukua tochi, brashi ya waya na bisibisi nzito. Anza na paipu za breki. Ni nyembamba, unene wa penseli au pungufu, nazo zinapita kandokando ya fremu na mara nyingi juu ya tangi la mafuta, mahali pasipoonekana vizuri. Zifuate kutoka mbele mpaka nyuma. Rangi ya kahawia ya juu juu, ile inayotoka ukisugua kwa kidole, si ya kukukosesha usingizi. Inayotisha ni kutu iliyovimba, iliyofanya magamba, na palipo na unyevunyevu wa mafuta. Paipu ikifika hapo ibadilishwe kabla ya theluji. Muulize fundi aweke paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hizo chumvi haziziwezi, na ni laini, zinakunjika bila shida. Kubadilisha kipande kimoja palipooza na kuacha kingine chenye umri uleule ni kujiwekea miadi ya kurudi gerejini.

Baada ya paipu, gonga fremu na ile sehemu ya bati inayokwenda chini ya milango kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Tumia mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia kwa sauti kavu. Kilichooza kinatoa sauti butu na kinamwaga vumbi. Ukitoboa, ujue hapo panataka kuchomelewa, na usikubali mtu akuzibie kwa filla na rangi. New York gari linakaguliwa kila mwaka, na ukaguzi huo unagusa breki na chasi. Hata bila ukaguzi, bati lile ndilo linaloshika umbo la gari siku ya ajali.

Sasa tafuta vitundu vya kutolea maji. Viko kwenye ukingo wa chini wa kila mlango na chini ya lile bati nililolitaja. Vikizibwa na tope, maji ya chumvi yanabaki ndani kama maji ya mtungi, na mlango unaoza kutoka ndani kuja nje. Vizibue kwa kijiti cha plastiki. Usitumie msumari, maana utakwaruza rangi na kuikaribisha kutu. Fungua boneti pia uondoe majani makavu chini ya kioo cha mbele. Kisha pitisha mkono ndani ya madigadi, juu kabisa ya gurudumu, kwenye ukingo uliokunjwa. Pale panajaa tope la msimu uliopita, na tope lile lenye chumvi likilowa linakaa na maji wiki nzima.

Paka mafuta chini, usipake lami

Hii ni hatua ninayoitetea sana, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ukitaka kukinga chuma, kitenge na maji na hewa. Kuna njia mbili zinazouzwa, na hazilingani.

Ya kwanza ni rangi nzito nyeusi, ya raba au ya lami, inayokauka na kuwa ngumu kama ngozi. Inapendeza macho. Kwenye gari jipya lisilo na doa inaweza kufaa. Kwenye gari la miaka saba lililokwisha kuonja chumvi, ni kuifunika kutu blanketi. Baridi na joto vikipokezana inapasuka nyufa ndogo, maji ya chumvi yanaingia kwa ndani na hayana pa kutokea. Nimebandua lami hizo kwa mkono, zikatoka na vipande vya fremu.

Ya pili ni mafuta mazito yasiyokauka. Yako yanayotengenezwa kwa lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, kama Fluid Film na Woolwax, na yako ya aina ya Krown kutoka Kanada, jirani zetu ng'ambo ya mto. Mafuta haya yanapenya kwenye viungo na kutambaa mpaka mahali ambapo brashi haifiki, na hata palipokwisha kushika kutu yanaifunga isiendelee. Kasoro yake ni kwamba yanaoshwa na maji kidogo kidogo, kwa hiyo ni ya kurudiwa kila mwaka. Ukilipeleka kwa watu wa kazi hiyo, gharama ni ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha paipu zote za breki.

Ukitaka kufanya mwenyewe, fuata utaratibu huu. Osha chini kwa maji ya presha mpaka tope lote liishe. Acha gari likauke siku mbili, likiwezekana liwe linatembea, kwa sababu mafuta juu ya maji ni kazi bure. Sugua kwa brashi ya waya kutu inayobanduka. Vaa miwani na glavu, tandaza maboksi chini. Nyunyiza paipu za breki na za mafuta kwa urefu wake wote, viungo vya fremu, ndani ya fremu kupitia matundu yake, sehemu za nyuma ya bampa, kingo za chini za milango kwa ndani, na ukingo wa buti. Kuna nozeli ndefu nyembamba ya kuingiza ndani ya matundu. Bila hiyo utakuwa umepaka nusu ya kazi.

Usiguse diski za breki wala pedi. Tone moja la mafuta pale linaweza kukunyima breki. Usinyunyize egzosi, itafuka moshi na kunuka. Epuka mikanda ya injini na raba za mashoki, maana baadhi ya mafuta haya yanaivimbisha raba. Na usizibe vile vitundu ulivyovizibua. Gari litanuka zizi la kondoo kwa siku kadhaa na litadondosha matone, basi usiliegeshe mlangoni pa jirani mwenye sakafu nzuri.

Watu wananiuliza pia kuhusu kile kisanduku cha umeme kinachofungwa kwenye betri, wanaosema kinazuia kutu. Mbinu ya kuzuia kutu kwa umeme ni ya kweli kwa meli iliyo majini na bomba lililofukiwa ardhini, kwa sababu maji au udongo unazunguka chuma chote na kuufikisha umeme kila mahali. Gari liko hewani. Katika miaka ya 1990 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua kampuni moja iliyokuwa ikiuza vitu hivyo. Pesa hiyo nunua mafuta.

Rangi, matairi na vya ndani

Mawe madogo barabarani yanachomoa rangi, hasa mbele ya boneti na nyuma ya magurudumu. Kila kidoa kilichofika kwenye bati kisafishe, kipake praima, kisha rangi ya namba ya gari lako. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Halafu osha gari lote na upake nta, ukikazania nusu ya chini. Fanya kabla baridi haijashuka sana, kwani nta haishiki vizuri kwenye bati la baridi.

Ndani, toa mazulia ya kitambaa uweke ya raba yenye kingo zilizoinuka kama sinia. Theluji ya kwenye viatu ina chumvi. Ikiyeyuka inazama kwenye zulia la gari, inakaa juu ya bati la sakafu, na gari linaoza kwa ndani wakati wewe unahangaika na nje. Magari mengi ya siku hizi yana nyaya na soketi chini ya viti, nazo hazipendi maji hayo. Sinia likijaa limwage, usingoje Jumamosi.

Matairi ya baridi yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Raba ya tairi la kawaida inakakamaa halijoto likishuka chini ya nyuzi 7, na breki nzuri haitakusaidia kitu juu ya raba ngumu. Pima upepo mara kwa mara, kwa sababu unapungua karibu psi 1 (kile kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila Farenhaiti 10 za baridi inayoongezeka. Maji ya kuoshea kioo yabadilishe uweke yale yasiyoganda. Betri yenye mashaka ipimwe sasa, si Januari usiku wa manane. Raba za milango zipake silikoni ili zisigande na kunata.

Siku theluji inapoanguka

Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Upepo baridi ukipita juu ya maji ambayo bado yana joto unabeba unyevu na kuumwaga kwetu; Novemba 2022, Orchard Park, kusini tu ya mji, ilipata karibu mita 2 za theluji katika dhoruba moja. Kwa hiyo hatua hii huku si ya mchezo.

Kabla hujawasha injini, zunguka nyuma ufukue egzosi kwa mikono au koleo. Bomba likizibwa, moshi unarudi ndani ya gari, na ile gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Unasinzia, basi. Katika dhoruba ya Krismasi ya 2022 zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo hili, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao. Ukikwama barabarani ukawa unawasha injini kupata joto, washa kwa dakika chache tu kila baada ya muda, shuka ufukue egzosi kila mara, na acha kioo kimoja wazi kidogo.

Egzosi ikiwa wazi, washa gari na hita ya kioo. Anza na paa. Tumia brashi yenye kichwa cha sponji, usitumie koleo la chuma wala ufagio wenye miba, kwa sababu vumbi la barabarani limechanganyika na theluji na litachora rangi. Usikwanguekwangue bati, acha safu nyembamba ibaki, itayeyuka yenyewe. Kikwaruzo cha barafu ni cha vioo tu. Paa lisafishwe lote, wala usitoboe kidirisha cha kuchungulia kama wale wanaoendesha wakionekana macho tu. Bonge la barafu likiteleza linaangukia kioo chako ukifunga breki, au kioo cha mtu aliye nyuma yako. Pennsylvania, jirani zetu wa kusini, tangu 2022 sheria inamtaka dereva aondoe theluji na barafu ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka.

Usimwagie kioo maji ya moto. Kioo cha baridi kikipata joto la ghafla kinapasuka, hasa kama kina ufa mdogo. Waipa zilizoganda usizivute kwa nguvu wala usiziwashe. Ngoja hita ifanye kazi, ama uziinue usiku uliotangulia. Safisha taa zote, namba ya gari, na vile vijicho vya kamera na sensa kwenye bampa.

Mwisho fukua kuzunguka gari. Lori la kusukuma theluji likipita linaacha tuta ubavuni, na tuta hilo ni theluji iliyokorogwa na chumvi. Gari likiegeshwa siku tatu limeegemea tuta hilo, limelowekwa. Soma vibao vya mtaa wako pia ujue siku gani unaegesha upande gani, ili lori lipate njia nawe usipigwe faini.

Kuosha, na hasa wakati wa kuosha

Kama utachukua hatua moja tu katika haya yote, chukua hii. Kila siku kumi hadi wiki mbili, na baada ya kila dhoruba iliyofuatwa na chumvi nyingi, osha chini ya gari.

Siku ya kuosha ichague kwa kutazama hali ya hewa. Ngoja siku ambayo halijoto linapanda mpaka Farenhaiti 40 au zaidi, yaani nyuzi 4 hivi, na uoshe mapema ili likauke kabla ya usiku. Siku hizo ndizo kutu inapoamka, kwa hiyo unaikuta mlangoni. Ukiosha kwenye baridi kali, maji yanaganda kwenye raba za milango na vitasa, na utashindwa kuingia kwenye gari lako mwenyewe.

Nenda kwenye mashine ya kuosha inayorusha maji kutoka chini, na uombe huduma hiyo kwa jina lake, kwa kuwa mara nyingi haimo kwenye bei ya chini. Chagua isiyogusa gari kwa brashi. Brashi iliyopita kwenye magari mia yenye mchanga ni msasa. Baadhi ya mashine zinarudia kutumia maji yaleyale, hivyo uliza kama maji ya mwisho ni mapya. Kwenye sehemu za kujioshea mwenyewe, shika mpira wa presha, inama, na uanze chini kabla ya juu. Peleka maji ndani ya madigadi yote manne kutoka pembe mbalimbali, nyuma ya magurudumu, kandokando ya fremu, na nyuma ya bampa. Hapo usiwe na haraka. Chumvi inaondolewa na maji mengi kuliko sabuni nyingi.

Wapo wanaochanganya baking soda kwenye maji wakiamini inaua chumvi. Baking soda inapunguza tindikali, na chumvi si tindikali, basi hapo hakuna wanachopatana. Maji peke yake yanaiyeyusha na kuiondoa.

Ukimaliza, fungua milango yote, buti na boneti, ufute raba na kingo kwa kitambaa kikavu. Fungua na kufunga vitasa mara kadhaa. Kisha endesha dakika kumi au kumi na tano ukigusa breki mara kwa mara, diski zikauke na maji yatoke kwenye mianya ya gari.

Hapa linakuja swali la wenye gereji yenye joto nyumbani. Unarudi jioni gari limejaa uji wa theluji, unaliingiza ndani, unafunga mlango, na unaona umelitendea wema. Theluji inayeyuka, maji ya chumvi yanaenea kila kiungo, na joto la usiku kucha linachochea kutu. Asubuhi unalitoa linakwenda kuchukua chumvi nyingine. Gari lililolala nje kwenye baridi, likiwa chafu vilevile, linaliwa polepole zaidi. Kama una gereji ya joto, liingize likiwa limeoshwa. Kama hukupata nafasi ya kuosha, liache nje.

Ukinunua gari lililokwisha kutumika

Baridi ikiisha wengi hununua magari, wengine ya kutuma nyumbani. Kenya na Tanzania usukani wa kushoto hautufai, lakini ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaendesha upande wa kulia, na magari kutoka huku yanafika mpaka kwao. Angalia kwenye historia ya gari limesajiliwa majimbo gani. Lililoishi Arizona au Texas na lililoishi Buffalo, hata mwaka na kilomita zikiwa sawa, ni magari mawili tofauti. Usilipie kabla halijapandishwa kwenye lifti. Chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi juzijuzi, uliza kwa nini, na ugonge hapo hapo. Likiwa ni la kusafirishwa, chumvi yake isafishwe kabla halijapanda meli. Hewa ya Ziwa Tanganyika ina unyevu wa kutosha kuiendeleza kazi iliyoanza New York.

Aprili

Usikimbilie kuosha kwa mwisho siku theluji inapoyeyuka. Subiri mvua mbili tatu kubwa zioshe barabara, ndipo uoshe kwa ukamilifu. Toa mazulia, nyanyua na lile zulia la gari kama linanyanyuka, lianike. Madoa meupe yafute kwa siki nyeupe na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, halafu kwa maji matupu. Lipandishe tena kwenye stendi, uzipitie paipu za breki upya kama ulivyofanya Oktoba, na kila palipopata jeraha papakwe mafuta.

Kisha chukua mpira wa maji wa kawaida, usio na presha, uuelekeze ndani ya matundu ya fremu na ya bati la chini ya milango, utazame yanayotoka upande wa pili. Maji ya kwanza yatakuja na rangi ya chai. Usifunge bomba mpaka yawe meupe.